Israfu ya Sahani Zetu

Ndugu zetu wasomaji, kwa zaidi ya miaka ishirini tumewasomesha vijana chuoni aya ya 31 ya Sura ya Al-Aaraf, inayotuhalalishia kula na kunywa na kutukataza israfu. Aya hiyo tumeihifadhi tangu utoto. Lakini yatupasa kukiri kwamba hatukupata kuipima kwa sahani yetu wenyewe.

Kila mwanafunzi alipohitimu, wazazi walituletea halua na kaimati. Nyumbani, chai yetu ilitiwa vijiko vinne vya sukari, na wali ulijazwa kwa heshima. Kukataa tuliona ni kumvunja moyo mwenye kutukirimu. Ndugu yetu mkubwa aliishi hivyo hivyo, hata kisukari kikamkosesha mguu. Mwaka jana tabibu alitupima, akatuambia kuwa sukari ya damu yetu imepanda, ingawa haijafika daraja ya maradhi.

Tulidhani la ndugu yetu limekwisha kuwa letu, hatuna ila kungoja. Tabibu akaikanusha dhana hiyo. Alitueleza uchunguzi wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002, juu ya watu 3,234 waliokuwa katika hali kama yetu. Baadhi walipewa dawa ya metformini; baadhi vidonge visivyo na dawa ndani yake; na baadhi walifundishwa kula kwa kiasi, wapunguze asilimia 7 ya uzito wao, na kutembea kwa haraka dakika 150 kila wiki. Baada ya muda uliokaribia miaka mitatu, wakilinganishwa na wenye vidonge vitupu, waliotumia dawa walipungukiwa na hatari ya kushikwa na kisukari kwa asilimia 31. Na waliobadili chakula na mwendo, kwa asilimia 58.

Basi tulishauriana na mama wa watoto. Chai sasa twainywa bila sukari, na nusu ya sahani ni mboga. Baada ya sala ya Alfajiri twatembea dakika 30, siku tano kwa wiki. Tukiletewa kaimati, twala moja na kushukuru. Wala hatujaona aliyevunjika moyo.

Mjukuu wetu alituuliza, "Babu, kwani sukari imekuwa haramu?"

Tukamjibu, "La, mwanangu. Kilichokatazwa ni israfu."

Mwili ni amana, enyi ndugu. Tusingoje kukatwa mguu ndipo tuifahamu aya tuliyoihifadhi.

Wabillahi tawfiq.