Kutoka Mwea hadi Meru: Kazi za Mikono Isiyo na Majina

Wasafiri wengi watokao Nairobi kwenda Meru hutazama mlima, na wingu likiufunika mlima hulala usingizi mpaka wafike. Mimi nami nimepita njia ile mara nyingi kwa namna hiyo. Lakini safari hii niliazimia kufumbua macho, nitazame si kazi ya Mungu peke yake bali na kazi ya wanadamu: mifereji, barabara, na majengo ya zamani, nikijiuliza katika kila mahali swali moja tu, Ni nani aliyeifanya kazi hii, na alilipwa nini?

Swali hilo lilinijia kwa sababu ya habari nilizosoma juu ya Marekani. Mwaka 1929 biashara ya nchi ile ilianguka, na kufikia mwaka 1933 karibu mtu mmoja katika kila wafanyakazi wanne hakuwa na kazi. Rais Franklin Roosevelt alipoingia madarakani mwaka huo, Serikali yake iliamua kwamba ni afadhali kumpa mtu kazi na mshahara kuliko kumpa sadaka. Vijana wapatao milioni tatu walipelekwa kupanda miti na kutengeneza mbuga, kutoka mwaka 1933 hadi 1942. Mshahara wao ulikuwa dola 30 kwa mwezi, na dola 25 kati ya hizo zilitumwa nyumbani kwa wazazi. Idara nyingine iliyoanza mwaka 1935 iliajiri watu milioni nane na zaidi katika miaka minane, wakajenga shule, madaraja, hospitali na viwanja vya ndege.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba hata wachoraji waliajiriwa. Serikali ilisema kwamba mchoraji naye ana tumbo kama mwashi. Basi katika posta zaidi ya elfu moja za miji midogo zilitiwa picha kubwa ukutani na sanamu, nyingi zikionyesha watu wa mahali pale wakivuna, wakichimba makaa ya mawe, au wakipakia mizigo. Mkulima aliyekwenda kununua stempu alijiona mwenyewe ukutani. Si kwamba haki ilikuwa kamili, kwa maana vijana weusi walitengwa katika makambi yao. Hata hivyo kazi ilikuwa na malipo, na waliofanya kazi walikumbukwa.

Kwa kuwa nilikuwa nikitafuta kuta zenye picha, nilianza kwa kukata kushoto pale Kenol na kupanda mpaka Murang'a. Katika kanisa kuu la pale, lililojengwa katika miaka ya 1950 kwa ukumbusho wa Wakristo waliouawa siku za Hali ya Hatari, mna picha tano kubwa alizozichora Elimo Njau, kijana wa Marangu, Kilimanjaro, aliyesomea uchoraji Makerere. Yesu aliyechorwa humo ni mtu mweusi, na milima iliyo nyuma yake ni milima ya Ukikuyu. Nilikaa kitako nikazitazama kwa muda mrefu. Picha hizo ni mali ya Kanisa, si ya Serikali, lakini zilinionyesha kwamba hata katika miaka ile ya uchungu alikuwako mtu aliyeweza kuupa ukuta uso wa watu wake.

Nilirudi barabara kuu, na pale Makutano nikashika njia ya Embu. Baada ya muda nchi ilifunguka ikawa tambarare, na majaruba ya mpunga yakaenea huku na huku kama vioo. Hii ndiyo Mwea. Leo iko katika Kaunti ya Kirinyaga, lakini kazi ilipoanza ilikuwa chini ya Wilaya ya Embu. Mchele wa Mwea unajulikana kila soko, na harufu ya pishori humtangulia mpishi mlangoni. Walaji wengi, hata hivyo, hawajui mifereji ile ilichimbwa na nani.

Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba, 1952. Tangu mwaka 1954 Serikali ya kikoloni iliwatumia watu wa kizuizini kuchimba mifereji ya kutoa maji ya mito ya Thiba na Nyamindi na kuyaingiza katika udongo mweusi wa Mwea, ambao zamani ulikuwa malisho na vichaka. Hapakuwa na mtu aliyeichagua kazi ile, wala aliyeweza kuiacha. Makambi yalipangwa hapo hapo penye kazi, na tangu mwaka 1957 watu waliokataa kutii walivunjwa nguvu kwa kipigo ili wakubali. Mpango huo wa Mwea ndio uliopelekwa Hola, katika Mto Tana, kwenye mifereji mingine. Huko, tarehe 3 Machi, 1959, watu 11 walipigwa mpaka wakafa kwa sababu walikataa kufanya kazi, na habari ya kwanza iliyotolewa na Serikali ilisema kwamba walikufa kwa kunywa maji. Ukisimama juu ya daraja la Thiba kumbuka kwamba maji unayoyaona yanateremka kuingia katika Tana hiyo hiyo.

Kando ya mfereji mmoja nilimkuta mzee akiwaangalia wajukuu wake wakifukuza ndege shambani. Nilimwamkia, naye akaniuliza kama mimi ni mnunuzi wa mpunga. Nilipomwambia kwamba nimekuja kutazama mifereji tu, alicheka.

"Mwanangu," akasema, "mfereji hautazamwi. Mfereji hunywewa."

Nilimwuliza kama anawajua waliouchimba. Alinyamaza kidogo, kisha akauonyesha ukingo kwa fimbo yake. "Baba yangu alikuwa mmoja wao. Hakutusimulia neno. Lakini kila alipopita hapa alivua kofia, na sisi watoto tulidhani anajipepea kwa sababu ya jua."

Sikuwa na la kuongeza. Nami nilivua kofia yangu, tukakaa kimya, na watoto wakaendelea kupiga madebe yao.

Msomaji asidhani kwamba baada ya Uhuru mambo yote yalinyooka mara moja. Wakulima waliopewa majaruba ya ekari nne nne walihesabiwa kuwa wapangaji, na Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji iliwaamulia walime nini na wauze wapi. Mwaka 1998 waliuinukia utaratibu huo, wakashika mauzo ya mpunga wao wenyewe. Kwa hiyo historia ya Mwea ni habari ya jasho lililodai haki yake kwa zaidi ya miaka 40.

Karibu na hapo pana Wamumu, ambako mwaka 1955 paliwekwa kambi ya vijana waliokamatwa siku zile. Huko walifundishwa kusoma na kufanya kazi za ufundi. Mmoja wa wasimamizi wake, Geoffrey Griffin, ndiye aliyeanzisha Starehe mwaka 1959, na baadhi ya vijana wa Wamumu walimsaidia. Nayasema haya kwa sababu ukweli una pande nyingi: katika mahali pa kufungia watu palitoka pia mbegu ya shule iliyowasaidia watoto maskini wa Kenya nzima. Lakini mema hayo hayafuti kipigo cha makambi ya jirani.

Nilifika Embu jioni. Mji huu ulianza kama boma la Waingereza mwaka 1906, mara baada ya majeshi yao kuwashinda Waembu. Asubuhi yake nilitembea chini ya miti mirefu, nikafikiri juu ya barabara zilizofuata boma. Kwa sheria ya mwaka 1912 chifu aliweza kuwaita watu wafanye kazi ya jumuiya bila malipo, siku sita katika kila miezi mitatu, yaani siku 24 kwa mwaka. Njia nyingi za zamani katika nchi za Waafrika zilitengenezwa hivyo, na wazee waliolima njia hizo kwa majembe hawakuwa na gari la kupitisha juu yake.

Kutoka Embu kwenda Meru barabara huzunguka kiunoni mwa mlima, ikishuka katika kila bonde na kupanda tena: Thuci, Nithi, Mutonga na mito mingine mingi midogo. Madereva huukaribia Mto Nithi kwa hadhari, maana daraja lile limeua watu wengi. Upande wa juu ni chai na msitu, upande wa chini kahawa, ndizi na miraa. Chogoria pana hospitali iliyoanzishwa na wamisheni wa Scotland mwaka 1922, na mpaka leo watu hutoka mbali kuja kutibiwa.

Juu huko, ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya, ulichimbwa siku za Hali ya Hatari handaki la umbali wa maili 50 hivi, refu kwenda chini kupita kimo cha mtu, na ndani yake mkatiwa miti iliyochongwa. Nia ilikuwa kuwatenga wapiganaji wa msituni na chakula cha nyumbani. Waliochimba ni wanakijiji wenyewe, na wengi wao walikuwa wanawake, kwa sababu waume walikuwa kizuizini au msituni. Fikiri, msomaji: mwanamke alichimba kwa mikono yake shimo la kumzuia mwanawe asipate chakula, na hakulipwa hata senti. Kazi kubwa namna hiyo ingekuwa kwingine ingewekewa jiwe la ukumbusho. Hapa majani yameota.

Baada ya Nkubu nilivuka mstari wa Ikweta, na punde nikaingia Meru. E. B. Horne, ambaye watu walimwita Kangangi, alifungua kituo cha Serikali hapa mwaka 1908. Ofisi ya mawe ya D.C., iliyojengwa miaka michache baadaye, ilikuwa nyumba ya kodi, kesi na amri. Tangu mwaka 1974 nyumba hiyo ni Jumba la Makumbusho. Nilipoingia niliwakuta watoto wa shule wakipiga kelele za furaha mbele ya nyumba za jadi za Wameru na bustani ya dawa za miti. Nilifurahi kuona kwamba mlango ambao babu zao waliusogelea kwa hofu wao wanaupita wakikimbia.

Na tukumbuke neno jingine. Katika miaka ile ile ya 1930, Wamarekani walipokuwa wakichora kuta za posta, Waafrika wa Meru, Embu na Kisii waliruhusiwa kulima kahawa kwa majaribio, zao ambalo kabla ya hapo lilikuwa la walowezi. Kahawa hiyo ndiyo iliyojenga mabati, ndiyo iliyolipa karo. Pale Nchiru, wazee wa Njuri Ncheke walitoa ardhi ya chuo ambacho mwaka 2013 kilipata hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Hakuna aliyewashurutisha. Hivyo watu wa huku hawaogopi kazi ya jumuiya. Wanachokataa ni kazi isiyowapa heshima wala faida.

Mwaka 2013 Serikali ya Uingereza ilisema kwamba inasikitika kwa mateso ya siku zile, ikakubali kulipa Pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228. Tarehe 12 Septemba, 2015, sanamu ya ukumbusho iliyolipiwa na Serikali hiyo ilizinduliwa Uhuru Park, Nairobi, ikimwonyesha mwanamke akimpa mpiganaji chakula. Ni jambo jema. Lakini Nairobi ni mbali na mfereji wa Thiba, na mbali na handaki la mlimani.

Kwa hiyo natoa shauri. Mwaka 2020, wakati wa Korona, Serikali yetu iliwaajiri vijana katika kaunti zote kusafisha mitaro na mitaa, na mpango ule uliitwa Kazi Mtaani. Siku nyingine mpango wa namna hiyo ukianzishwa, kaunti za Embu, Meru, Tharaka-Nithi na Kirinyaga ziwape wengine kalamu na rangi. Marekani, kati ya mwaka 1936 na 1938, waandishi wa mshahara wa Serikali waliandika maneno ya watu zaidi ya 2,300 waliokuwa wamezaliwa utumwani, na bila kazi ile sauti hizo zingalizikwa. Waliochimba mifereji ya Mwea na handaki la mlima, wale wachache waliobaki, sasa wana miaka 85 au 90 na zaidi. Kijana mwenye daftari anaweza kuwakuta leo. Mwakani labda asiwakute. Na kuta za maghala ya mpunga, za viwanda vya kahawa na za ofisi za kaunti ni nyeupe, zinangoja.

Wahenga walisema, chanda chema huvikwa pete. Wazee wale hawadai pete. Ingetosha mjukuu anayekwenda ofisini kutafuta kitambulisho ainue macho, amwone babu yake ukutani akiwa na jembe mkononi, na jina lake limeandikwa chini.