Sekunde nne za Bibi

Najua nimeadimika, majaribio yametubana kila kona. Leo nina la kompyuta, ila linaanzia kwetu Newala.

Basi bwana, likizo iliyopita nilimrekodi bibi mzaa mama kwa simu, saa moja na dakika tisa bila kukata. Alikuwa anasimulia kwa Kimakonde jinsi wanawake walivyoteremka bondeni usiku kufuata maji. Kule juu uwandani maji ni shida tangu zamani, na mradi wa kuyasukuma kutoka bondeni ulikuja miaka ya 1950, yeye akiwa binti mdogo. Bibi ametutoka mwezi uliopita. Arobaini ni Jumamosi hii, na wajukuu wa Dar wengi hawajui Kimakonde hata cha kuombea maji. Bila maandishi ya Kiswahili chini ya picha watabaki kuangalia mdomo tu.

Mama mdogo, yeye yuko Newala, akajitolea kutafsiri. Akaicheza video kwenye simu yake, akaandika kwenye daftari: dakika hii na sekunde hii, Mama kasema hivi. Akapiga picha kurasa zote, akanitumia.

Nikakaa kwenye kompyuta ya maabara, nikafungua Premiere Pro, nikapanga maandishi kwa namba za daftari. Mwanzoni murua. Kufika nusu saa, maandishi yanachelewa. Kupita saa moja, dah! Bibi anacheka, chini bado panasomeka njaa. Jamaa yangu akasema mama mdogo kakosea. Nikamwambia yule ni mwalimu wa shule ya msingi, hakosei kizembe hivyo.

Na kweli hakukosea. Simu ilirekodi fremu 29.97 kwa sekunde, siyo 30 kamili. Hayo ni mambo ya Wamarekani: mwaka 1953 walipoingiza rangi kwenye televisheni walipunguza mwendo kidogo ili rangi isigombane na sauti. (Sisi huku tulirithi mfumo wa fremu 25, hatuna kadhia hiyo, ila simu haziulizi umetoka wapi.) Sasa taimulaini ikihesabu kana kwamba ni 30, saa yake inabaki nyuma ya saa ya ukutani: sekunde 3.6 kila saa moja. Kwa hiyo ukilifuata daftari, unaweka maandishi mbele ya pale Bibi alipoongea. Kufika mwishoni ni karibu sekunde nne.

Dawa yake inaitwa dropu fremu. Jina linatisha bure, maana hakuna picha inayotupwa. Kinachorukwa ni namba: mbili kila dakika inapoanza, isipokuwa dakika ya 10, 20, 30 na kuendelea. Jumla 108 kwa saa, na hapo saa ya taimulaini inalingana na ya ukutani. Unaingia mipangilio ya sikwensi, sehemu ya namna ya kuonyesha muda, unachagua hiyo. Utaijua kwa nukta mkato kati ya namba badala ya nukta pacha. Na ukikuta namba moja ndefu tu, kuna mtu katega ihesabu fremu. Shika Kontroli, bofya ile namba mpaka saa irudi.

Ila msifurahi mapema. Kubadilisha onyesho hakusogezi kitu, maandishi yanabaki kwenye fremu zilezile. Nimeyapanga upya moja moja, usiku mbili.

Katikati ya kazi nikamkumbuka Karl Weule, yule Mjerumani aliyefika Newala mwaka 1906 na kamera ya sinema na fonografu. Kamera za enzi zile zilizungushwa kwa mkono, mkono ukichoka fremu zinapungua. Huyo angemtafsiria mama mdogo kwa saa gani? Mimi angalau yangu ina hesabu.

Imebaki mistari sita. Mama mdogo kanipigia jioni hii, nikamsomea yote tangu mwanzo. Akanyamaza kidogo.

"Mwanangu, pale anapocheka usiandike kitu."

"Sawa mama."

Pale nimeacha patupu.