Doa Lisilotoka

Tangu nibaki peke yangu nyumbani, nguo zangu nazifua mwenyewe. Mikono ya mzee hutetemeka, na mchuzi haukosi njia ya kudondokea kifuani. Kwa hiyo, katika umri wa miaka sabini na kitu, nimekuwa mwanafunzi wa madoa.

Kanuni ya kwanza ni kuwahi. Doa bichi ni mgeni. Likilala usiku mmoja limekuwa mwenyeji. Kanuni ya pili ni kulijua doa kabla ya kulishambulia. Maziwa na mayai hutaka maji baridi, kwani maji ya moto huyapika humo humo kwenye uzi. Mafuta hutaka vingine: yanyunyizie unga uyanyonye, ukung'ute, kisha upake sabuni na kusuuza kwa maji ya uvuguvugu. Manjano ya mchuzi hushtua. Ukipaka sabuni ya mche, doa la njano hugeuka jekundu ghafla, na asiyejua hudhani ameiharibu nguo. Asihofu, ndiyo tabia ya rangi ile ikikutana na ukali wa sabuni. Afue, asuuze, kisha aanike juani, maana jua huififisha sana. Limau na chumvi husaidia nguo nyeupe, lakini kamwe usichanganye limau au siki na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu.

Lakini kanuni hiyo ya pili niliijua kwa kuchelewa, na aliyelipa gharama hakuwa mimi.

Mwaka 1983 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi mkoani Kagera. Mimi ni mtu wa Pwani. Mgomba niliujua kwa kuutazama tu. Miaka ile sabuni ilikuwa adimu, na wako waliofulia majani ya mpapai. Hata hivyo, kila Ijumaa niliendelea kukagua usafi mstarini, kama nilivyofunzwa chuo cha ualimu.

Ijumaa moja mvulana wa darasa la sita alisimama na shati jeupe lenye madoa ya kahawia tumboni. Nilipomwuliza, alijibu kwa sauti ndogo, "Hayatoki, Mwalimu." Niliona ni jeuri. Nikamrudisha nyumbani akalifue. Jumatatu alikuja nalo limesuguliwa hadi limetoboka, na madoa yapo pale pale. Nikamchapa viboko viwili.

Miezi michache baadaye mke wangu alilazwa kujifungua, nami nikajipikia. Nilimenya ndizi mbichi nikiwa na shati langu jeupe. Utomvu ulidondoka ukiwa kama maji, sikuujali. Asubuhi ulikuwa kahawia. Nilifua kwa sabuni, nikafua kwa limau, nikaanika siku tatu. Mama jirani aliliona kambani akacheka.

"Mwalimu, huo ni utomvu, hautoki. Sisi hupaka mafuta mikononi na kuvaa nguo kuukuu."

Nikamwuliza habari za yule mvulana. Aliniambia kuwa mama yake alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu, na mtoto ndiye aliyewamenyea wadogo zake ndizi alfajiri kabla ya kuja shule. Shati alikuwa nalo hilo moja tu.

Ningeweza kumwita ofisini nimwombe radhi. Sikufanya hivyo. Nilijiambia kuwa mwalimu mkuu hamwombi mtoto radhi, asije akapoteza heshima. Nilichofanya ni kulipita shati lake kila Ijumaa bila kulitazama, na huenda yeye alidhani nimemchukia. Alimaliza darasa la saba mwaka 1984 akaondoka. Sijamwona tena.

Shati langu lile sikulitupa. Mjukuu wangu akija likizo huniambia, "Babu, hili limechakaa, nikununulie jingine." Humjibu kuwa hili ni la kumenyea ndizi. Na kweli ndivyo ninavyolitumia. Kila nikifunga vifungo vyake namkumbuka mtoto aliyeniambia ukweli kwa neno moja, nami niliyekuwa mwalimu sikutaka kufundishwa.