Asiniguse Mtu

Mama alituruhusu kwenda ufukweni kwa sharti moja lililonihusu mimi peke yangu: maji yasinipande juu ya shingo. Kaka zangu walijitupa baharini kutoka kwenye boti zilizotia nanga, wakazama, wakaibuka mbali wakicheka. Mimi nilisimama maji yakiwa kifuani, mikono nimeiinua kama mtu aliyekamatwa na polisi, nikiwatazama. Nimezaliwa Tanga, nimekulia mwendo wa dakika kumi kutoka Raskazone, na hadi nilipotimiza miaka 25 sikuwa nimewahi kuingiza kichwa ndani ya maji.

Sababu ni sikio. Nilipokuwa na miaka minne, la kushoto lilianza kutoa usaha. Likapona, likarudi, likapona, likarudi. Mama alijaribu mafuta ya nazi ya vuguvugu, akajaribu dawa za matone, akanibeba kwenda hospitali siku za mvua. Nilipofika darasa la tatu ngoma ya sikio ilikuwa imetoboka, na la kulia nalo lilikuwa limeanza kufifia. Daktari alimwambia mama sentensi moja iliyogeuka kuwa sheria ya nyumba yetu: maji yasiingie. Tangu hapo nimeoga nikiwa na pamba iliyopakwa mafuta ya mgando sikioni. Nikisahau, mama hugonga mlango wa bafu. Hata leo akinipigia simu jioni, baada ya "shikamoo" na "marahaba", huuliza kama nimeoga na pamba.

Mwaka jana mwenzangu wa chumba hosteli aliniwekea filamu kwenye kompyuta yake. Ananijua, kwa hiyo aliwasha maandishi ya chini bila kuulizwa. Ilikuwa filamu ya mwaka 2024 kuhusu Gertrude Ederle, Mmarekani, mwanamke wa kwanza kuogelea kuvuka mlango-bahari ulio kati ya Ufaransa na Uingereza. Nilitegemea mambo ya kawaida ya filamu za michezo: jasho, kushindwa, kombe. Badala yake mwanzoni kabisa nikaona mtoto kitandani anaumwa surua. Nilimwomba mwenzangu aisimamishe kidogo. Wiki zilizofuata, wakati msimamizi wangu akisubiri sura ya pili ya tasnifu, mimi nilikuwa namsoma Ederle.

Alizaliwa New York mwaka 1905, binti wa wahamiaji Wajerumani. Baba yake alikuwa na bucha Manhattan. Majira ya joto familia ilikwenda Highlands, pwani ya New Jersey, na inasimuliwa kwamba huko ndiko baba alikomfundisha kuogelea kwa kumfunga kamba kiunoni na kumshusha majini. Surua ilimharibu masikio akiwa bado mdogo. Madaktari wakamwonya kwamba akiendelea na maji yatazidi kuharibika. Alipoulizwa jambo hilo uzeeni alijibu bila kujitetea: aliyapenda maji mno, hakuweza kuacha.

Nilirudia mstari huo mara kadhaa. Nilikuwa nimezoea kusoma habari za wenye ulemavu ambao ama hawakuonywa, ama waliwashinda waliowaonya. Huyu alionywa, akasikia vizuri alichoambiwa, akaingia.

Akiwa msichana alijiunga na chama cha wanawake waogeleaji cha New York, kilichokuwa kikiwafundisha wasichana mtindo wa kuzungusha mikono, ambao leo tunauita mtindo huru. Makocha wengi wa wakati ule waliuona unafaa kwa mbio fupi tu. Safari ndefu ya baharini ilitaka mtindo wa chura, wa taratibu. Mwaka 1924 alikwenda kwenye Olimpiki ya Paris akarudi na dhahabu ya kupokezana vijiti bila vijiti, yaani mita 100 kwa watu wanne, na shaba mbili za kwake mwenyewe, mita 100 na mita 400. Mwaka uliofuata akaugeukia mlango-bahari.

Pale kuna kanuni fupi: ukiguswa, umekwisha. Mashua inakusindikiza, unapewa chakula na kinywaji ukiwa majini, lakini mkono wa mtu ukishakushika, hata kama ni kwa wema, safari yako inafutwa. Agosti 1925 Ederle aliingia majini akisimamiwa na Jabez Wolffe, mwanamume aliyekuwa amejaribu mara nyingi kuvuka palepale na hakufika hata mara moja. Baada ya takriban saa 9, Wolffe aliona binti amelala kifudifudi. Akaamuru Ishak Helmy, mwogeleaji kutoka Misri aliyekuwa karibu naye, amshike. Helmy akamshika. Ederle alikasirika sana. Alisema hakuwa anazama, alikuwa anapumzika.

Hapo ndipo niliacha kumsoma kama mtu wa mbali.

Watu wengi hudhani kwamba tabu ya kutosikia ni kutosikia. Tabu kubwa kwangu ni mikono. Kwenye semina mwalimu akiuliza swali nami nikachelewa kidogo, nikiwa bado naunganisha maneno niliyoyapata na midomo niliyoiona, mwenzangu wa pembeni hujibu kwa niaba yangu. Ananipenda. Anadhani ananiokoa. Mara nyingine mtu anasema jambo, wote wanacheka, namwomba arudie, ananipigapiga begani: "Basi, si muhimu." Muhula wa kwanza mwalimu mmoja aliniambia, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba sitalazimika kuwasilisha mada mbele ya darasa kama wengine, angenipa alama kwa maandishi tu. Nilishukuru. Nilipofika chumbani nililia. Nilikuwa nimeandaa wasilisho lile kwa wiki tatu. Sikuwa nazama, nilikuwa napumzika.

Ederle alirudi Ufaransa mwaka 1926 na kocha mwingine, Thomas Burgess, aliyekuwa mtu wa pili kuvuka, mwaka 1911, baada ya kushindwa miaka mingi. Safari hii aliweka masharti yake mapema. Baba yake na dada yake Margaret wangekuwa kwenye tagi ya kumsindikiza, na hakuna ambaye angemgusa mpaka yeye mwenyewe aombe. Yeye na Margaret walitengeneza vazi la vipande viwili, kwa sababu vazi la mwaka uliopita lilijaa maji likamchubua. Miwani yake waliiziba kwa nta ili maji ya chumvi yasipenye. Akapakwa mafuta mwili mzima dhidi ya baridi. Baba alikuwa amemwahidi gari dogo jekundu akifika.

Tarehe 6 Agosti, saa moja na dakika chache asubuhi, akaingia majini Cap Gris-Nez. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 33 hadi Uingereza, lakini hakuna anayevuka kwa mstari ulionyooka. Maji yanapojaa mkondo unakusukuma upande huu, yanapokupwa unakurudisha upande ule, na mwogeleaji hukata njia iliyopinda. Siku ile upepo uliongezeka, mawimbi yakapanda, mvua ikaja. Ndani ya tagi walimwimbia nyimbo ili asichoke. Sijui niseme nini kuhusu picha hiyo, ya ndugu wanaopaza sauti baharini wakimwimbia binti asiyesikia vizuri, ila kwamba naijua. Nyumbani kwetu ndivyo wanavyoniita nikiwa jikoni. Wote, kwa pamoja, kwa nguvu, na mimi huona tu kwamba midomo inanifurahia.

Jioni bahari ilichafuka kiasi kwamba Burgess alitaka atoke. Wakampigia kelele kutoka kwenye tagi. Jibu lake limebaki katika kumbukumbu za mchezo huu kama swali: ya nini? Akaendelea. Baada ya saa tatu na nusu usiku alikanyaga kokoto za Kingsdown, Uingereza, ambako watu walikuwa wamewasha mioto ufukweni. Inasimuliwa kwamba miongoni mwa waliomlaki alikuwamo ofisa wa uhamiaji, akamwomba pasipoti. Alikuwa ametumia saa 14 na nusu hivi. Kabla yake wanaume watano tu walikuwa wamewahi kuvuka, na aliyekuwa na kasi kuliko wote, Enrique Tirabocchi wa Argentina, mwaka 1923 alitumia saa 16 na dakika 33. Binti wa mwenye bucha alikuwa amemzidi kwa karibu saa mbili, tena kwa mtindo ulioambiwa haufai. Rekodi yake kwa wanawake ilidumu hadi mwaka 1950, ilipovunjwa na Florence Chadwick.

New York ilimpokea kwa maandamano makubwa, karatasi zikimwagwa kutoka madirishani. Filamu nyingi zingeishia hapo. Mimi nilihitaji kujua kilichofuata, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na daktari.

Masikio yaliendelea kuharibika. Mwaka 1933 alianguka kwenye ngazi akaumia uti wa mgongo, akakaa miaka kadhaa akiwa amefungwa plasta, na madaktari walidhani hatatembea tena. Mwaka 1939 alionekana majini katika onyesho la kuogelea kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York. Miaka ya 1940 alikuwa karibu hasikii kabisa. Hakuolewa, hakutajirika. Kwa miaka mingi alifundisha kuogelea katika shule ya watoto viziwi mjini New York. Alifariki mwaka 2003 akiwa na miaka 98.

Napenda kumwazia katika bwawa lile la shule. Amezungukwa na watoto ambao hakuna anayehitaji kuwapigia kelele, na yeye si wa kupigiwa kelele. Kufundisha kuogelea ni kazi ya kushika: unamshika mtoto tumboni, unamshika kidevu, halafu kuna siku unaondoa mkono. Nadhani mtu aliyewahi kushikwa kabla ya wakati anajua vizuri ni lini pa kuondoa.

Nilikwenda kwa daktari wa masikio hapa Dar es Salaam. Akachungulia, akanipima, akanitengenezea vizibo vya umbo la sikio langu. Akasema naweza kuogelea juu juu, nisipige mbizi, nikauke vizuri, na kwamba hatari inapungua lakini haiishi. Uamuzi ni wako, akasema. Sikuwa nimezoea kuambiwa hivyo na mtu mwenye koti jeupe.

Nilimpigia mama kwa video, kwa sababu kwenye video naona midomo. Nilimweleza habari za Ederle kuanzia surua hadi pasipoti. Alisikiliza huku akichambua mchele, akacheka kidogo kuhusu pasipoti. Halafu akaacha ungo.

"Na masikio yake je?"

Ningeweza kuruka sehemu hiyo. Nilimwambia ukweli: yalikufa.

"Yakafa," akasema.

"Yakafa, mama. Akafundisha watoto viziwi."

Alinyamaza kwa muda mrefu. Nilimwona anaangalia pembeni, mahali ambapo najua kuna kabati lenye chupa za dawa zangu za utotoni ambazo mpaka leo hajazitupa. Nilikuwa nimemwekea mama nafasi ya Wolffe katika hadithi hii, na nilipomwona vile niliona nimemdhulumu. Wolffe alikaa na binti yule msimu mmoja. Huyu alikesha na sikio langu miaka ishirini. Alikuwa na haki ya kuuliza.

"Haya," akasema hatimaye. "Lakini nitakuja nione."

Alikuja mwezi wa nne, na kanga zake, na kikapu cha machungwa ya Muheza. Tulikwenda bwawani Jumamosi asubuhi kabla watu hawajajaa. Alinikagua vizibo mwenyewe, akakibonyeza cha kushoto kwa kidole mara mbili. Mwalimu wangu wa kuogelea, dada mmoja mwenye subira, alimwekea kiti. Tukakubaliana: mama hataniita, kwa maana nikivaa vizibo na kuvua shimesikio sisikii kitu hata akiita. Nikitaka kutolewa nitainua mkono. Nisipoinua, asiniguse mtu.

Nilianza kukata upana wa bwawa, si urefu. Mita chache tu, jambo la kuchekesha mbele ya jina la Ederle. Ndani ya maji kulikuwa na ukimya nisioujua: haukuwa ule wa kupitwa na maneno, kwa sababu hapakuwa na maneno ya kunipita. Kila nilipogeuza uso kuvuta pumzi nilimwona mama. Mara ya kwanza alikuwa ameketi. Mara ya pili alikuwa amesimama. Mara ya tatu alikuwa ukingoni kabisa, amevua kiatu kimoja, kanga ameifunga kibwebwe, midomo inakwenda. Mama hajui kuogelea.

Nilitaka kumpungia, aone kwamba nipo salama. Nikakumbuka makubaliano yetu kuhusu mkono. Basi nikarudisha uso majini, nikaendelea mpaka nikashika ukuta.