Mkongo wa Nuru na Fungu la Nyumba Moja



Sisi tuliosomeshwa mirathi chuoni tulifunzwa jambo moja kabla ya kuigusa mali ya marehemu: mafungu yasiyofanana hayagawiwi mpaka yarejeshwe kwenye asili moja. Mtu akifariki akaacha mke, mama na mtoto wa kiume, mke ana thumuni, mama ana sudusi, na kilichosalia ni cha mtoto. Thumuni na sudusi hukutana kwenye 24: mke 3, mama 4, mtoto 17. Hapo kila mmoja huiona haki yake, na ugomvi hukosa mlango. Kanuni hiyo hiyo naiona inahitajika leo katika jambo la intaneti, kwa sababu hesabu hii ikikosekana, maneno huingia nyumbani.

Mwezi wa Juni 2009 mkongo wa TEAMS, uliolazwa chini ya bahari kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, ulizinduliwa Mombasa, na mwezi uliofuata mkongo wa SEACOM ukaanza kazi. Kabla ya hapo nchi yetu ilitegemea setilaiti kuzungumza na ulimwengu. Kutoka pwani, mkongo wa taifa uitwao NOFBI ulikusudiwa kuyafikia makao makuu ya kaunti, na Hola ni mojawapo. Ndani ya mikongo hii, habari husafiri kwa nuru katika uzi wa kioo.

Wenye rika langu hawajaisahau modemu, kile kijisanduku kilichofungwa kwenye waya wa simu, kikalia kwa mikwaruzo na miluzi kabla ya kuitikia. Kikishafanya kazi, hakuna aliyeweza kupiga simu nyumbani. Kasi yake ya juu kabisa, tena kwenye karatasi, ilikuwa kilobiti 56 kwa sekunde.

Mikongo ya nuru nayo ina madaraja yake. Daraja iitwayo OC-3 hupitisha megabiti 155.52 kwa sekunde, na OC-192 hukaribia gigabiti 10. Turejeshe vyote kwenye asili moja, yaani kilobiti. OC-3 ni kilobiti 155,520. Gawa kwa 56, utapata modemu 2,777 na ushei. OC-192 ni modemu zaidi ya 177,000. Picha moja ya megabaiti 1 ni biti milioni 8, kwa kuwa kila baiti ina biti 8. Modemu ingeipokea kwa sekunde 143, zaidi ya dakika mbili. Nyumba yenye megabiti 10 kwa sekunde huipokea kabla sekunde moja haijatimia.

Hata hivyo, hesabu haiishii hapo. Mto Tana ni mpana, lakini shamba katika skimu ya Hola halinyweshwi na upana wa mto. Hunyweshwa na mfereji uliolifikia, na maji hupungua kwa kadiri ya wangapi wamefungua saa ile. Tuseme mkongo wa OC-3 unatumiwa na watu 500 kwa wakati mmoja. Kila mmoja hupata kilobiti 311, yaani modemu tano na nusu. Wakifika 2,777, kila mmoja amerudi kwenye modemu moja, ingawa kioo na nuru viko pale pale.

Nayasema haya kwa sababu ya dada yangu. Binti yake anafanya kazi Muscat, na kila usiku baada ya Isha, mama alitaka kumwona mwanawe kwa simu ya picha. Uso ulikuwa ukiganda, sauti ikakatika, kisha kimya. Mama akaanza kuamini kuwa binti anamkwepa, na binti akaamini kuwa mama amekasirika na kumkatia. Wiki tatu hawakusemezana ila kwa salamu fupi za maandishi. Nilikaa na dada yangu nikamwandikia hesabu kwenye karatasi: simu ya picha iliyo safi hutaka yapata megabiti 1, sawa na modemu 18, sauti peke yake, kwa kipimo cha simu za kawaida, hutosheka na kilobiti 64, modemu moja na kidogo. Saa ile ambayo mji mzima umefungua mfereji, fungu lake halikutosha picha, lakini lilitosha sauti. Tangu hapo usiku huzima picha wakazungumza, na picha huiwasha baada ya Alfajiri, watu wakiwa bado hawajaamka wengi. Ile dhana mbaya iliondoka.

Basi, akina mama, mkienda kununua kifurushi cha nyumbani, ulizeni mambo matatu. Kwanza, je, hizo ni megabiti au megabaiti? Megabiti 10 ni megabaiti 1.25 tu, na herufi chache hizo ni pesa zenu. Pili, je, kasi hiyo ni yenu peke yenu, au mnashirikiana na majirani, na wangapi? Tatu, simu ngapi zitatumika nyumbani kwa pamoja? Simu tano katika megabiti 10 ni megabiti 2 kwa kila moja, modemu 35, na hizo zinatosha masomo na simu ya picha.

Naye muuzaji akumbuke kwamba kuna sura nzima katika Qur'ani iliyoitwa kwa jina la wapunjao vipimo. Biti haionekani kwa macho kama pishi ya mchele, lakini nayo ni kipimo, na anayetaja upana wa mto hali anauza mfereji, amepunja. Na mnunuzi naye, kabla hajamdhania vibaya aliye mbali, na apige hesabu kwanza.

Wabillahi tawfiq.