Betri ya Mshua

Watu wengi wanadhani gari likiegeshwa linapumzika. Si kweli. Gari lililosimama linakufa, tena linakufa kimya kimya, na kinachotangulia ni betri. Tairi litakuonya kwa kukaa chini, bodi litakuonya kwa kutu. Betri haisemi kitu mpaka siku unapozungusha funguo ukasikia "tik", basi.

Haya nimeyajua kwa sababu ya pikapu ya mshua, Toyota Hilux ya dizeli, iliyosimama uani kwetu Mbagala tangu 2022, mwaka kiharusi kilipomwangusha. Ilibeba mchanga, ilibeba saruji, na mara nyingine ilibeba maiti za majirani bila mshua kudai hata senti ya mafuta. Ndiyo iliyonisomesha. Sasa iko chini ya mwembe na nyumba imegawanyika kwa ajili yake. Baba mdogo anataka iuzwe, maana dawa na mazoezi ya viungo vinakula fedha, na fedha nyingi zinatoka mfukoni mwake. Bi mkubwa hataki hata kusikia. "Mwenye gari yuko ndani, hajafa," anasema. "Akiinuka ataendesha nini?"

Mimi ni mtoto, sina kauli. Ila niliona jambo moja ambalo wote wawili walilihitaji bila kujua kwamba wanakubaliana: gari liwake. Mnunuzi akikuta gari la kusukuma, bei inaanguka palepale. Na mshua naye, siku akishika usukani, asikaribishwe na ule mlio wa "tik".

Betri za namna hii, za risasi na asidi, zilianza kwa Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na mpaka leo ni zilezile kwa asili. Ya volti 12 iliyoshiba na kutulia husoma kama 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.0 usidanganyike kwamba ndiyo kumi na mbili yake. Hiyo iko hoi. Ikiachwa hoi kwa muda mrefu, chumvi ya risasi inayojijenga kwenye sahani zake inaganda ikawa ngumu, na hapo hata ukiipeleka kwa fundi chaji ikalala huko siku mbili, inarudi jina tu. Hata ukiichomoa waya zote bado inajipunguza yenyewe, na joto linaiharakisha. Joto la Dar mnalijua.

Kwetu kulikuwa na mnywaji mwingine: alamu. Mshua aliifunga baada ya vibaka kung'oa vioo vya pembeni, na bi mkubwa hakubali izimwe. Nikaazima mita, nikapima: miliampea 30. Kidogo, siyo? Zidisha kwa saa 24, kisha kwa siku 50. Unapata amperi-saa 36, yaani nusu ya betri yetu ya N70 imenywewa bila gari kusogea hatua moja. Baba mdogo alikuwa anakuja Jumapili kuliwasha dakika kumi. Nia njema, lakini dizeli iliungua, moshi ukajaa uani, na betri haikushiba.

Basi nikaenda Kariakoo nikanunua paneli ndogo ya sola, wati 10, na kontrola ya kuzuia betri isichemke mchana na umeme usirudi kwenye paneli usiku. Kijiweni walinicheka kweli kweli. Eti nataka kuwasha Hilux kwa jua la kalkuleta! Nikawaambia paneli haiwashi gari, bwana. Juani kabisa inatoa nusu ampea na ushee. Kazi yake ni kurudisha kila siku kile kidogo kilichoibwa, mwendo wa bi mkubwa anavyomnywesha mshua uji, kijiko kwa kijiko, bila haraka.

Mwembe ndio ulionisumbua. Paneli ina vipande vingi vilivyoungwa kwa mstari mmoja, kwa hiyo jani likilala juu ya kipande kimoja, mstari mzima unalegea. Nikaitoa juu ya kabini, nikaipandisha juu ya bati la jiko na kuvuta waya mrefu mpaka kwenye betri. Kwenye tundu la kiberiti cha gari nisingeweza kuchomeka, maana kwa Hilux yetu tundu hilo linakufa funguo ikitolewa. Jioni naishusha paneli, naingia nayo ndani. Mbagala siyo mahali pa kuacha kitu cha fedha juu ya bati.

Kila alfajiri, kabla jua halijagusa bati, napima. Kupima jioni ni kujidanganya, betri inakuwa imetoka kulishwa na inasoma kubwa kuliko ilivyo. Nikirudi ndani namkuta mshua macho. Maneno yamemrudia machache. Jina langu bado linamkwepa, ananiita kwa jina la mdogo wake. Lakini mita akaifahamu mara moja. "Ngapi?" ndilo neno lake la kwanza la siku. Nikimwambia kumi na mbili nukta sita, anafumba macho, anakubali.

Baba mdogo ana mnunuzi, na Jumamosi anakuja naye. Bi mkubwa ameficha kadi ya gari, anadhani sijui ilipo. Nimekwisha kagua maji ya betri na kupaka grisi terminali. Wiki hii mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, na jana mita ilisoma 12.4. Nilitamani kumdanganya, nikashindwa.

"Nne?" akauliza.

"Nne, baba."

Akaniangalia kwa muda. Halafu mkono wake mzima ukanyooka kuelekea jikoni, juu, kwenye bati. "Tope," akasema. "Futa."

Nikatafuta kitambaa.