Kushiriki na Kushirikishwa

Katika kazi ya kufasiri, niliyojifunza mwenyewe kwa kamusi na kwa kuwauliza wakubwa, sijakutana na kitenzi chenye dhamana nzito kama "shiriki". Watu hushiriki, hushirikiana, huunda ushirika. Lakini makaratasi ya miradi ya umeme wa jua na wa upepo yanayofikishwa vijijini hayana mapenzi na sura hizo. Yanapenda "ushirikishwaji". Tazama, msomaji mwema, vilivyopachikwa humo: kwanza *sh* ya kusababisha, kisha *w* ya kutendwa. Anayeshirikishwa ameletewa shughuli ya mwenziwe. Ataitwa mkutanoni, atasikiliza, atatia dole gumba, atapewa soda, atarudi kwake.

Miaka michache nyuma nililetewa karatasi ya namna hiyo, ihusuyo paneli za jua katika kijiji kimoja cha kaskazini. Kurasa nne zilieleza wajibu wa wanakijiji: kulinda, kufyeka, kutoa taarifa. Haki zao zilienea katika sentensi moja, kwamba "watashirikishwa ipasavyo". Nikauliza ni nani atakayeipima hiyo "ipasavyo". Sikujibiwa, nililipwa ujira wangu.

Sisi wa Unguja giza tunalijua. Mwaka 2008 umeme utokao Bara kwa njia ya chini ya bahari ulikatika kwa karibu mwezi mzima. Kisha ukakatika tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Mjini pampu za maji zilinyamaza, watu wakahangaika na ndoo. Ila katika vijiji ambavyo havikuwa na nguzo hata moja, giza lile halikuwa habari. Koroboi zilikuwa zikiwaka miaka yote, na hakuna gazeti lililoziandika.

Na nguzo peke yake si jawabu. Kule Marsabit, kaskazini mwa Kenya, imesimamishwa mitambo 365 ya upepo karibu na Ziwa Turkana, na umeme wake husafirishwa mamia ya kilomita kuelekea kusini. Wafugaji wa pale walikwenda kortini kudai ardhi yao ya malisho, na Oktoba 2021 mahakama iliyokaa Meru ikaamua kwamba hati za ardhi ile hazikupatikana kwa kufuata sheria. Upepo ni uleule, safi usio na moshi. (Waliotutungia "nishati jadidifu" nawapongeza, kwani hata kwa vina inafaa.) Lakini usafi wa upepo hausafishi hati.

Linganisha na Samsø, kisiwa cha wakulima huko Denmark chenye watu wasiofika elfu nne. Mwaka 1997 kilishinda shindano la serikali la kutafuta kisiwa kitakachojitegemea kwa nishati jadidifu. Mwaka 2000 mitambo 11 ya upepo ilisimama nchi kavu: tisa mali ya wakulima wenyewe, miwili mali ya wakazi walionunua hisa kwa pamoja. Nadhani mtu husikia mlio wa mtambo kwa sikio jingine kabisa anapojua kuwa sehemu ya mlio huo ni yake. Huo ndio ushirika, nao hauhitaji *w*.

Sisemi tuige Wadenishi. Mkulima wetu wa mihogo hana benki ya kumkopesha mtambo. Hata hivyo, kwetu Kinyasini kuna chuo kilichofuata mfano wa Tilonia, kijiji cha Rajasthan, India, ambako Bunker Roy alianzisha kazi yake mwaka 1972. Wanaosomeshwa ni kina mama na mabibi, wengi wao wasiopata shule, waliochaguliwa na vijiji vyao. Hujifunza kwa miezi kadhaa kulehemu, kuunganisha nyaya na kutambua vipuri kwa rangi zake, kisha hurudi kwao wakiwa mafundi. Utaratibu ni kwamba kijiji huunda kamati, na kila nyumba hutoa mchango wa mwezi unaomlipa fundi na kugharimia matengenezo.

Hapo ndipo mkutano wa kijiji unapokuwa mkutano kweli. Kiasi gani? Mjane naye atoe sawasawa na mwenye duka? Betri ikifa, fedha ziko kwa nani, na daftari lake nani alisome? Mabishano hayo huweza kuchukua Ijumaa tatu, nami ningefurahi kuyafasiri yote, neno kwa neno.